Mnavu Uliotupwa kwa Kibacha

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana mkianza kuhesabu miaka mtaacha kupalilia, palikuwa na kijiji kiitwacho Vughesa kule milimani Upareni. Hadithi hii ni ya wanaoinama. Aliyesimama kunyoosha mgongo haimhusu mpaka ainame tena.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Eliwaza. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nakiete, lakini tangu mama yake mzazi afariki hapakuwa na kinywa kilichokuwa kikilitamka. Mumewe, enzi za uhai wake, alimwita Mama Eliwaza. Majirani, Mama Eliwaza. Hata kanisani, akitangazwa kuwa ni zamu yake kufagia, Mama Eliwaza. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyo huyo Eliwaza, na mjukuu wa kulirithi jina lake hakuwa naye. Basi siku nyingine, akiwa peke yake bustanini, alijiita mwenyewe, "Nakiete." Kisha akajiitikia, "Abee." Alifanya hivyo ili jina lisipate kutu.

Bustani yake ilikuwa matuta sita tu, lakini ungedondosha sindano humo ungeiona. Mpaka wake ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ambayo kwetu mtu haing'oi hata akiwa na hasira. Na ng'ambo ya masale ndipo lilipokuwa shamba la jirani yake, Kibacha. Nasema shamba kwa heshima tu, maana lilikuwa magugu matupu. Sangari ilikuwamo, ndago ilikuwamo, kishona nguo ilikuwamo imefika kifuani. Mbuzi wa watu alipotelea humo Jumatatu, akaonekana Alhamisi, na hakutaka kurudi kwao.

Kibacha mwenyewe hakuwa mgonjwa. Hakuwa mzee. Hakuwa mlevi. Alikuwa amechoka tu. Alizaliwa amechoka. Asubuhi alitoa kigoda chake barazani, akaketi, na kazi ya siku ikawa imekwisha.

Mama Eliwaza alimwendea. "Jirani Kibacha, fyeka majani yako kabla hayajatoa mbegu."

"Kesho, Mama Eliwaza."

Akamwendea tena. "Jirani Kibacha, mbegu zimeshatoka, sasa zinaruka."

"Kesho, Mama Eliwaza. Ardhi yangu inapumzika. Na mimi napumzika nayo, isije ikaona upweke."

Utamfanya nini mtu kama huyo? Sangari ikapita chini ya masale, ikaibukia kwenye tuta la vitunguu. Ukiikata vipande viwili inashukuru, kesho zimekuwa sangari mbili. Ndago nayo ukiing'oa inakuachia jani mkononi, kitunguu chake kinabaki chini kinacheka. Wewe hapo, ndiyo, wewe wa kitambaa chekundu, unakata juu juu. Shika chini, vuta na mzizi. Unadhani nasimulia ya nani?

Mama Eliwaza alikuwa na kisasi chake kimoja. Kila gugu aliloling'oa hakulichoma wala hakulifukia. Alisimama, akalenga, akalirusha ng'ambo ya masale, akasema, "Rudi kwenu. Kamsalimie Kibacha." Akainama, akang'oa lingine, akasimama, akarusha. "Rudi kwenu. Kamsalimie Kibacha." Kutwa nzima. Kibacha alisikia salamu zote hizo kule barazani, naye kwa adabu aliitikia kwa kichwa.

Basi Eliwaza akapata mchumba, kijana mpole aitwaye Mbazi, wa kijiji cha bondeni. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa makubwa, kwa sababu Vughesa walikuwa na desturi yao. Siku wakwe wanapokuja kula, mama wa binti hapiki mboga ya kununua wala ya kuomba. Anapika mboga aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe. Ikikosekana, wakwe wanakunywa maji, wanaaga vizuri, na posa imekufa. Mtu aliyeshindwa kulea mchicha, walisema, binti amemlea vipi?

Bibi yake Mbazi, Bibi Namsi, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo wao, na ilijulikana milima mitatu kwamba bibi huyo anapenda mnavu kuliko nyama. Kwa hiyo Mama Eliwaza alitoa mbegu za mnavu alizozihifadhi kibuyuni tangu mwaka jana, akazisia kwa mistari, matuta manne mazima. Mvua ikanyesha, mbegu zikaota.

Lakini siku ile ya kusia upepo ulikuwa umepita kwa Kibacha ukabeba mbegu, na yale matuta yakaota vitu viwili. Kimoja mnavu. Kingine mnanaha. Mnaujua mnanaha? Mtu akila majani yake anaanza kuzungumza na kuku, na mbaya zaidi anasubiri majibu. Ukiwa mchanga unafanana na mnavu, inatakiwa uunuse au uutazame kwa karibu sana. Na macho ya Mama Eliwaza wakati huo yaliona mlima wa ng'ambo vizuri kabisa, lakini kidole chake mwenyewe alikiona kwa kukisia. Sasa nenda wewe kamwambie mwanamke aliyepalilia miaka thelathini kwamba haoni jani.

Akainama. Akang'oa mnavu wote, mche kwa mche, na udongo wake mizizini. Akasimama, akalenga, akarusha. "Rudi kwenu. Kamsalimie Kibacha."

Na mnanaha akauacha. Akaumwagilia. Akautilia samadi ya mbuzi. Jioni akauimbia. Chekeni, lakini chekeni mkiwa mmeinama.

Mvua za mwaka ule hazikuwa na simile. Ile miche iliyotupwa ikaanguka ng'ambo, kwenye udongo uliopumzika miaka kumi, chini ya kivuli cha magugu. Mbuzi hawakuiona. Jua halikuiunguza. Ikashika, ikachanua majani, ikanenepa. Hakuna aliyejua, hata Kibacha, maana kujua kungemlazimu ageuze shingo.

Wakati huo Mama Eliwaza alikuwa amechoka kutuma salamu, akaenda kushtaki. Kwetu, mtu akikanyagiwa kivuli anauliza baraza linakaa lini. Akashtaki, akaeleza siku nzima, akashinda. Wazee wakaamua kwamba Kibacha afyeke shamba lake lote kabla jua la Ijumaa halijazama. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi.

"Nimesikia," alisema Kibacha.

Ijumaa ikafika. Kibacha akalichukua panga, akapitisha kidole, akaliona butu. Akaliweka chini ya kigoda na kuketi juu yake.

Jumamosi asubuhi Mama Eliwaza alichuma majani ya bustani yake, kapu likafura. Akaja kumsaidia kupika mwanamke mmoja aitwaye Ndeshi. Ndeshi alikuwa Mchaga aliyeolewa Vughesa, miaka ishirini sasa, na Wapare na Wachaga mnajua ni watani, wanatukanana asubuhi na mchana wanakula sahani moja. Lakini jina lake nalo halikuwa likitumika. Watu walisema, "Mwiteni yule Mchaga." Walisema, "Sufuria kubwa iko kwa yule Mchaga." Miaka ishirini.

Ndeshi alipoingia uani alimkuta jogoo wa nyumba ile amedonoa majani yaliyoanguka kutoka kapuni. Jogoo alikuwa amesimama anautazama ukuta na kuuwikia. Akauwikia mara tatu, akageuka, akaiona ndoo, akaanza kuichumbia. Akaizunguka, akaishushia bawa, akaizunguka tena. Ndoo ikamkataa, naye akaonekana kuumia moyoni.

Ndeshi akachukua jani moja, akalinusa. "Mtani wangu," alisema polepole, "huu si mnavu. Huu ni mnanaha. Ukiwapa wakwe hii mboga, watamchumbia Kibacha."

Mama Eliwaza akalishika lile jani, akalileta karibu na pua, akalipeleka mbali, urefu wote wa mkono. Hapo ndipo alipoliona. Akakaa chini, palepale vumbini, na gauni lake la sherehe. Kutoka bondeni zilisikika nyimbo za wakwe, wameshavuka kijito, wanapanda.

"Basi Eliwaza wangu ndiyo amekwisha," alisema, na machozi yakamtoka. "Nimemharibia mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Ndeshi akanyoosha shingo. Alikuwa anatazama ng'ambo ya masale. Mchaga na mnavu ni ndugu, hata ukijificha anauona. Akajifunga kanga kiunoni, akaruka mpaka, akazama kwenye magugu mpaka kichwa kikapotea.

"Nani huyo?" aliuliza Kibacha barazani.

"Mimi. Naomba mnavu."

"Kwani upo?"

"Umejaa."

"Chuma basi, mradi usiniambie nisimame."

Ndeshi alitoka na kapu limejaa, na nguo zake zimeshonwa kwa mbegu za kishona nguo kuanzia pindo hadi shingoni, hata kope. "Mtani, usilie," alisema. "Umeota mafungu mafungu, hatua kumi kutoka masale, sawasawa na mkono wako unavyorusha. Ni mnavu wako huu. Uliutuma mwenyewe." Wakaosha, wakachemsha, wakaunga kwa karanga na maziwa ya mtindi. Wakwe wakabisha hodi sufuria ikiwa bado inatokota.

Bibi Namsi alikula sahani ya kwanza yote. Akala ya pili amefumba macho. Ya tatu aliifuta kwa kidole. Kisha akajitemea mate kifuani, kama wafanyavyo wazee wanapotoa neno lisilorudi, na akasema mbele ya watu wote, "Kumpa jina mtoto wa kwanza ni haki yetu sisi upande wa mume. Leo naitoa haki hiyo. Mtoto wa kwanza wa Mbazi na Eliwaza atabeba jina la mtu yule ambaye bila yeye nisingekula mnavu huu."

Mama Eliwaza hakusubiri. Akainuka. Miaka yote ile ya kujiita na kujiitikia, kumbe jina lake litaitwa tena, litaitwa mlangoni, litaitwa kisimani, litakaripiwa kwa kuvunja kikombe. Akafungua kinywa ili alitaje.

Kikasikika kikohozi. Watu wakageuka. Kule barazani kwake, ng'ambo ya masale, Kibacha alikuwa amesimama. Jamani, Kibacha amesimama. Baadhi wakadhani kuna nyumba inaungua, wakatoka nje kuangalia. Na kabla hawajarudi, Ndeshi naye akaiweka sufuria chini, akafuta mikono, akasogea mbele.

Ikabidi yote yasemwe. Mnanaha ukasemwa, macho yakasemwa, salamu za Kibacha zikasemwa, na jogoo akaingia mwenyewe kama shahidi, akawapita wageni wote na kwenda kuinamia ndoo. Bibi Namsi alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Posa hakuivunja. Mnavu ulikuwa umepandwa kwa mkono wa mama, alisema, hata kama mkono huohuo una wazimu. "Lakini neno langu limetoka na mate," alisema. "Jina ni moja. Siku ya kumtoa mtoto nje, nitalitaja."

Harusi ikafungwa. Eliwaza akapata mimba. Na ule mwaka, Vughesa hapakulika wala hapakulalika. Ndeshi alipanda na kushuka na chungu cha mtori, akimpelekea mjamzito. Mama Eliwaza alikuwa akimtembelea binti yake kila asubuhi, anainama kwenye lile tumbo, ananong'ona, "Nakiete, Nakiete," mpaka mtoto anapiga teke. Kibacha hakwenda kokote, lakini alianza kuliita lile pori lake shamba la mjukuu.

Mtoto akazaliwa. Wa kike. Na msinitoroke hapo mkadhani Kibacha ametoka mashindanoni. Kule Vughesa jina halivai suruali wala gauni, mwanamume humrithisha msichana na mwanamke humrithisha mvulana.

Siku ya nane Bibi Namsi akatoka naye nje, amembeba, akasimama kizingitini kwa Mama Eliwaza, ambako binti alikuja kujifungulia. Watu wamejaa uani. "Semeni," alisema. "Kisha nitaita."

Mama Eliwaza akasema, "Mbegu ni yangu. Niliihifadhi mimi, nikalima mimi, nikaipanda mimi. Mlikuja kwa sababu nimezaa, na mlikula kwa sababu nilipanda. Bila mimi, pori la Kibacha lingekuwa na sangari tu mpaka mwisho wa dunia."

Kibacha akasema, "Kweli, alipanda. Kisha kwa mkono huohuo akang'oa. Akaniambia, kamsalimie Kibacha. Nilisalimiwa, nikapokea. Na si hivyo tu. Alinishtaki nifyeke, akashinda. Kijiji kizima kilitaka nifyeke, wazee walitaka nifyeke, mpaka panga lilitolewa. Ningetii Ijumaa, Jumamosi mngekunywa maji mkaondoka. Ni mtu mmoja tu aliyeulinda mnavu ule, naye aliulinda kwa kazi anayoijua."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikwama njiani, kwa sababu aliyosema yalikuwa kweli.

Ndeshi akasema, "Anayelinda anajua analinda nini. Wewe Kibacha ulikuwa na mnavu mlangoni na ulikuwa unakula ugali kwa chumvi. Na wewe mtani wangu, ungewalisha wakwe mnanaha. Mmoja hakuona, mwingine hakutazama. Mimi niliona. Niliingia kwenye kishona nguo ambako mbuzi wanaogopa, nikachuma, nikapika nyimbo zikiwa mlangoni. Leo hii hawa wote wangekuwa wanawaposa kuku."

"Anayeokota yai si kuku," alisema Kibacha.

"Na anayelilalia bila kujua ni jiwe," alisema Ndeshi. Halafu sauti yake ikabadilika. "Nimekaa hapa miaka ishirini. Nimewapikia misiba, nimewapikia harusi. Nani kati yenu ameniita Ndeshi? Siku nikifa mtasema yule Mchaga amekufa. Nataka mtu mmoja wa kijiji hiki awe na jina langu, ili mjifunze kulitamka."

Kibacha akajikuna shingo. "Mimi sina mke, sina mtoto," alisema. "Nikiondoka, kitakachobaki changu ni yale majani, na hayo nayo mnayasubiria mapanga."

Mama Eliwaza akasogea mpaka kizingitini. Hakuwa na hasira tena. "Bibi," alisema, "wenzangu wamesema kweli. Nilikosea, na kosa langu nililipenda na kulimwagilia. Ukiona sistahili, basi sistahili. Lakini kabla hujamwita mtoto jina la mwenzangu, niite mimi kwanza. Mara moja tu, mbele za watu. Nimesahau linavyosikika likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine."

Ndeshi akainamisha kichwa. Kibacha akanyoosha mkono nyuma kutafuta kigoda, akakikosa, akabaki amesimama. Eliwaza alikuwa mlangoni, analia kimya kimya. Bibi Namsi akamnyanyua mtoto juu ili watu wote wamwone, na yule mtoto akafumbua macho. Bibi akafungua kinywa.

Na mimi hadithi yangu imefika mwisho wa tuta. Wengine husema aliita Nakiete, wengine Ndeshi, na yuko mjomba wangu mmoja, mvivu sana, anayeapa kwamba aliita Kibacha. Siwaamini hata mmoja. Mstari huu hatuuvuki mpaka mniambie ninyi, na hayo mnayoyarusha ng'ambo hebu yatazameni kwanza kabla hayajaondoka mikononi. Mtoto yuko juu, kinywa cha bibi ki wazi, jina ni moja. Aliyepanda akang'oa, aliyeacha pakaota, aliyeona akachuma: je, wewe ungekuwa umembeba yule mtoto, ungemwita nani?